Maji Yaliyopanda Kilima

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha uhandisi kule Nairobi, mwalimu wetu wa somo la maji aliingia darasani asubuhi moja bila kitabu. Alikuwa Mwingereza mrefu, mabega yameinama, na kwa kawaida alifundisha akiutazama ubao. Siku hiyo alitutazama sisi. Akatwambia kwamba likizo ndefu ya mwaka ule hatungekwenda nyumbani kula na kulala. Tungegawanywa wawili wawili, tupelekwe mahali penye kazi, na katika kila wawili mmoja angekuwa kiongozi. Mwanafunzi mmoja akauliza kazi ya kiongozi ni nini hasa. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema hilo hakuweza kulieleza vizuri kwa chaki, na kwamba ndiyo sababu alikuwa anatutuma.

Mimi nilipewa Muleba. Kwa kuwa nilikuwa Mhaya, mzaliwa wa Rwamishenye pale Bukoba, na uongozi nikapewa mimi. Sababu nyingine haikuwapo. Mwenzangu alitoka Kilimanjaro, na katika hesabu alinipita mbali. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuvua miwani na kuifuta kila alipotaka kusema jambo ambalo angependa asilazimike kulisema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vijiji vya kwetu vingi viko mgongoni mwa vilima, penye udongo wa migomba na kahawa, na maji yako chini bondeni. Tangu enzi na enzi wanawake hushuka na mitungi mitupu wakapanda na mitungi iliyojaa. Kijiji tulichopewa kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo asubuhi unaliona ziwa lote limelala kama bati jipya, na kushuka mpaka kwenye chemchemi na kurudi kulimchukua mwanamke mwenye afya karibu saa nzima. Tulitakiwa kuyapandisha maji hayo. Injini hatukupewa, wala mafuta. Tulipewa pampu ya chuma ndani ya sanduku la mbao, ambayo watu wanne waliibeba kwa shida.

Nieleze kidogo jinsi pampu hiyo inavyofanya kazi. Maji ya chemchemi yanaachiwa yateremke ndani ya bomba nene lililonyooka. Yakifika chini yanakuta mlango mdogo wa chuma uko wazi, yanamwagika nje. Lakini kasi ikizidi, maji yenyewe yanaubamiza ule mlango. Hapo yanakuwa kama umati uliokuwa unakimbia ukakuta lango limefungwa ghafla: walio nyuma wanawasukuma walio mbele, na wachache wanarushwa juu ya ukuta. Hao wachache ndio maji yanayopanda kilima. Kisha mlango unafunguka kwa uzito wake, mambo yanaanza upya, karibu mara moja kila sekunde, mchana na usiku, bila mkono wa mtu. Maji mengi yanapotea bondeni, kidogo yanapanda. Darasani nilikuwa nimelipata somo hilo kwa alama nzuri. Kwamba ni jambo la ajabu, sikuwa nimeliona hata kidogo.

Tulikwenda kwa treni mpaka Kisumu, kisha kwa meli ya ziwani. Bukoba tulishuka asubuhi, na baba yangu alikuwa gatini amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa mwalimu wa shule ya Kilutheri na mkulima wa kahawa, mtu asiyependa kuonyesha furaha mbele za watu. Alilizunguka lile sanduku mara mbili, akatuuliza kama tumekula. Nyumbani, mama akiwa ameandaa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, baba akauliza ni nani mkubwa wetu katika kazi hii. Nikasema ni mimi. Akamwambia mama amwongeze mgeni ndizi.

Idara ya maji pale mjini ilitupa lori, mabomba, mifuko ya saruji na fundi mmoja. Fundi huyo alikuwa Kalasinga wa makamo ya juu, ndevu nyeupe, akikaa mtaa wa Bilele na familia yake, na alikuwa ametandaza mabomba katika nchi hii tangu kabla sijazaliwa. Akaambiwa mbele yangu kwamba katika kazi hii atanitii mimi. Akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaona aibu kidogo, lakini nakiri kwamba chini ya aibu ile palikuwa na furaha.

Kule Muleba tulipokelewa na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, Mkatoliki mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa na sauti ya chini. Alitupa chumba nyumbani kwake. Siku ya pili aliwaita wanaume uani, tukakaa juu ya nyasi zilizotandikwa, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapita mkono hadi mkono kama desturi ilivyo kwetu. Nikasimama, nikaeleza habari za pampu. Walisikiliza kwa adabu kubwa. Nikauliza kama bondeni kuna chemchemi. Wakasema ipo. Nikauliza kama hukauka wakati wa kiangazi. Wakatazamana. Mmoja wao akasema kwamba yeye tangu azaliwe hajawahi kukosa maji nyumbani kwake.

Nikaandika katika daftari: haikauki.

Tulipobaki peke yetu mwenzangu alivua miwani. Akasema kwao Kilimanjaro kila mfereji una watu wake wanaoujua, na kwamba hapa watu hao pengine hawakuwa pale uani. Akashauri tuwaulize wanawake. Nilimjibu kwamba siku zetu zilikuwa chache na kwamba maji hupimwa kwa ndoo na saa, hayapimwi kwa mazungumzo. Akavaa miwani yake.

Kesho yake tulishuka kupima. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yanaisha, na ile chemchemi ilikuwa inamwaga maji vizuri sana. Nilikuwa nimechuchumaa na saa mkononi, nikihesabu sekunde za ndoo kujaa, mwanamke mmoja mzee akafika. Mtungi aliokuwa nao ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani mtu wa umri wake angeweza kuubeba. Aliutua, akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa Kihaya nilikuwa nahesabu nini. Nikamwambia nahesabu maji.

"Unayahesabu ya leo," alisema. "Ya kiangazi umeyahesabu?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba tumekwisha kupata habari kutoka kwa wanaume wa kijiji. Hakubishana nami. Akanyoosha mkono ng'ambo ya bonde, kwenye mwamba mmoja ulioinama, chini yake pana tope na magugu. Akasema kuna maji pale ambayo mama mkwe wake alimwonyesha alipokuwa bibi arusi, na kwamba haya ya hapa hulala, lakini yale hayalali. Mimi nilitazama nikaona tope. Nikamshukuru. Nakumbuka kwamba nilitabasamu vilevile, tabasamu ambalo leo nikiliona usoni mwa kijana yeyote huwa natamani kumshika mkono nimtoe pembeni.

Basi tukaanza. Kila asubuhi wanaume ishirini au zaidi walikuja na majembe kwa zamu aliyoipanga mkungu. Mimi nilisimama na ramani yangu juu ya ubao, nikaelekeza. Fundi aliniita Bwana Injinia mbele za watu, na kijana tulipokuwa wawili. Niliagiza jukwaa la saruji la kuiweka pampu, kubwa na lenye kingo zilizonyooka kama nilivyoona kwenye picha za vitabu. Fundi akauliza kama saruji yote ile ilikuwa ya lazima. Nikasema ndiyo, na akachanganya.

Kuna jambo dogo la siku zile ambalo sijalisahau. Bomba moja nene lilibebwa na watu sita kuteremka rweya, ule mteremko wa nyasi tupu ulio kati ya vibanja na bonde. Katikati ya njia wa mbele wakaenda kushoto, wa nyuma wakaenda kulia, bomba likaanguka likamchubua mtu mguu. Niliwakaripia wote. Jioni mwenzangu akanieleza, maana yeye alikuwa akila nao chakula cha mchana, ebitoke na maharage yaliyofungwa katika majani, wakati mimi nikijaza daftari. Wale wawili waliokuwa mwanzo na mwisho wa bomba walikuwa ndugu wa baba mmoja, na walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa kibanja. Mmoja aliposema shusha, mwingine alikuwa hataki kumsikia. Mwenzangu, asiyejua Kihaya, amelijua hilo. Mimi mwenyeji nilikuwa silijui.

Baada ya majuma mawili pampu ilikuwa mahali pake, na tukaijaribu kabla ya kuunga bomba la kupanda kilimani. Fundi alifungua maji, akausukuma ule mlango mdogo kwa kidole gumba mara mbili, mara tatu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Kisha akaondoa mkono. Ikaendelea yenyewe. Tuk. Tuk. Tuk. Wanaume walirudi nyuma hatua moja. Mkungu akainama, akaweka kiganja juu ya chuma, akasema neno moja la Kihaya: omutima. Moyo. Tangu hapo hakuna aliyeiita pampu.

Nilidhani nimekwisha kushinda. Kazi iliyobaki ilikuwa kutandaza bomba jembamba mpaka juu na kujenga tangi la mawe kando ya njia, kati ya nyumba za Walutheri na za Wakatoliki ili pasiwe na maneno. Hiyo ilituchukua majuma matatu. Tuliifunga pampu, tukapanda juu, na kwa majuma hayo matatu mimi sikushuka bondeni hata mara moja. Mvua ilikuwa imekatika. Nyasi za rweya ziligeuka rangi ya ngozi ya simba, na mchana vumbi lilisimama hewani. Niliona, lakini sikufikiri.

Siku ya kufungulia, kijiji kizima kilikuja tangini. Watoto walibebwa migongoni, wazee waliletewa viti. Mimi na fundi tukashuka kuiamsha pampu, mwenzangu akabaki juu. Nilipofika kwenye chemchemi niliona maji yamekuwa uzi. Yalitosha kujaza mtungi kwa mtu mwenye subira, lakini bomba letu nene hayakuweza kulijaza hata nusu. Fundi alisukuma mlango kwa kidole. Ukapiga mara moja. Akasukuma tena, ukapiga mara moja. Alipoondoa mkono, kimya.

Nikakaa juu ya jukwaa langu la saruji. Nilijiona mdogo kuliko siku ile nilipoanza darasa la kwanza. Kutoka juu tulisikia sauti za watu wakicheka na kuzungumza, kama watu wanaosubiri arusi.

"Kijana," fundi akasema, "watu wanangoja."

Nikamwomba apande yeye awaambie. Yeye mtu mzima, watamsikiliza.

"Mimi niliambiwa nikutii kwenye kazi," akasema. "Huku siyo kufanya kazi, huku ni kusema. Panda."

Nimekwisha kupanda vilima vingi maishani, na hakuna kilichokuwa kirefu kama kile. Nilipokuwa napanda nilitunga maneno ya Kiingereza juu ya majira na vipimo na makadirio, na kila hatua neno moja likaanguka, hata nilipofika juu sikuwa na kitu. Nikamwona yule mama mzee, ameketi chini karibu na tangi, miguu ameinyoosha mbele. Nikasema kwa Kihaya kwamba chemchemi imelala. Nikasema kwamba niliambiwa italala, na aliyeniambia ni huyu mama, na kwamba sikumsikiliza kwa sababu sikudhani anaweza kujua jambo nisilolijua. Nikasema siku walizotoa na migongo waliyoumiza nimezipoteza mimi, si mwenzangu wala fundi.

Mkungu alikuwa akichora ardhi kwa fimbo.

"Na huyo mama alipokuambia," akauliza bila kuinua kichwa, "ulimjibu nini?"

"Nilimshukuru," nikasema.

Mwanamke mmoja akacheka, kisha mwingine, na baada ya muda wanawake wote walikuwa wakicheka, na baadhi yao wakafuta machozi. Hakikuwa kicheko cha uadui. Nadhani walikuwa wamekwisha kushukuriwa namna ile mara nyingi maishani mwao. Wanaume walitazama chini. Yule aliyesema hajawahi kukosa maji nyumbani kwake alitazama chini kuliko wote.

Yule mama aliinuka kwa kushika ukuta wa tangi. Akasema kesho twende na majembe, atatuonyesha. Basi. Mkungu naye akatoa kikapu chake cha kahawa mfukoni mwa kanzu, akakifungua, akaninyooshea. Nilichukua punje mbili. Moja ikaniponyoka, na yeye akajifanya hakuona.

Kesho yake walikuja watu wengi kuliko siku yoyote. Hilo mpaka leo silielewi vizuri. Nilikuwa nimelala nikiamini kwamba hakuna atakayekuja, nikaamka nikakuta njia nzima imejaa, wanaume na majembe, wanawake na vikapu vya kubebea mawe. Wale ndugu wawili walikuwapo, mmoja mbele kabisa na mwingine nyuma kabisa.

Mama mzee alitangulia. Alifika chini ya mwamba, akavua kitambaa cha begani, akaweka magoti kwenye tope na kuanza kung'oa magugu kwa mikono. Nikapiga magoti kando yake. Tulichimba mpaka viwiko vikazama. Chini ya tope palikuwa na changarawe, chini ya changarawe palikuwa na ufa katika jiwe, na mkono wangu ulipofika kwenye ufa nilihisi baridi kama ya chuma asubuhi, kisha msukumo. Maji yalikuwa yanasukuma vidole vyangu. Huko juu nchi yote ilikuwa imekauka, majani yanavunjika ukiyakanyaga, na hapa ndani ya kilima kulikuwa na kitu chenye nguvu kinachotaka kutoka. Nilimtazama yule mama. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza kama hayo nitayahesabu. Nikamwambia nitayahesabu kwa namna atakayotaka yeye.

Yalikuwa mengi kuliko chemchemi ya kwanza wakati wa masika.

Kazi ya mara hii ilikuwa ngumu zaidi, maana pampu ilibidi ihamishiwe ng'ambo, chini ya mwamba. Mwamba ule ulikuwa chini kidogo, kwa hiyo maji yangeteremka futi pungufu kuliko mwanzo kabla ya kufika kwenye pampu, na kilima cha kupanda kilikuwa kilekile. Mwenzangu alikaa na karatasi zake siku mbili. Akaja, akaifuta miwani, akasema yatafika, lakini kwa shida, na kila kiungo kinachovuja kitatugharimu. Nikamwambia basi upimaji wote awe nao yeye, na neno lake likiwa kinyume na langu, tufuate lake. Alinitazama kana kwamba anataka kuuliza tangu lini. Hakuuliza.

Saruji iliyobaki ilikuwa mifuko minne. Nilikwenda kwa fundi nikamuuliza angelijengaje jukwaa jipya la pampu. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza swali kama hilo, na yeye akalijibu kwa siku nne mfululizo. Alitufundisha kuchagua jiwe, kuligeuza mpaka lipate uso wake, kulilaza ili lishikwe na majirani zake bila saruji, na kuacha ile saruji kidogo kwa mahali penye maji tu. Wanaume wa pale walilishika upesi somo hilo. Mimi nililishika polepole. Siku moja mkungu mwenyewe alinitolea jiwe nililokwisha kuliweka, akaligeuza, likakaa kama lililozaliwa pale.

Nilianza kula nao mchana. Nilijua ni nani ana mgongo mbovu asiyesema, ni nani hufanya kazi vizuri akiwa peke yake, ni nani akicheka wengine hupata nguvu. Wale ndugu wawili sikuwapatanisha, sikuwa na uwezo huo. Niliwaweka tu katikati ya bomba, bega kwa bega, mtu mwingine akitoa amri mbele. Siku ya tatu nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake atazame jiwe lililo miguuni pake. Ni hayo tu aliyosema.

Maji tuliyafungulia siku mbili kabla ya meli yetu kuondoka. Safari hii nilimwomba fundi aiamshe pampu, mimi nikabaki juu na watu. Watoto walikuwa wachache, na hakuna aliyeletewa kiti. Tulikuwa tumesimama tu, wengine wamekwisha kuvaa nguo za shambani. Bomba lilitokeza juu ya ukuta wa tangi, mdomo wake mkavu, mweusi. Kutoka chini ile sauti haikutufikia, lakini mtoto mmoja aliyelaza sikio juu ya bomba akasema anasikia omutima. Wakaja wengine kusikiliza. Mkungu naye alikuja, akavua kofia, akaweka sikio.

Tukangoja. Nilijua kwa hesabu kwamba bomba refu namna ile huchukua muda kujaa, lakini hesabu zangu nilikuwa sizitegemei tena. Kwanza ilitoka pumzi. Bomba lilianza kupumua, hewa nyembamba yenye harufu ya kutu, ikipuliza kidogo kila pigo. Mama mzee aliweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba, akaitega pumzi ile. Kisha likatema tope jekundu, tone moja moja. Kisha maji.

Hayakuwa mengi. Yalikuwa unene wa kidole, na yaliruka kidogo kwa kila pigo la kule chini, hivyo ulikuwa unayaona mapigo yenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Nimewahi kuona watu wakishangilia vitu vidogo zaidi kwa vigelegele, lakini pale watu walisimama kama walio kanisani wakati wa sakramenti, Walutheri na Wakatoliki, na macho yao yote yakiwa kwenye maji yasiyozidi kidole. Mimi niliyejua kila skrubu ya bomba lile nilisikia nywele za mikono zikisimama. Maji yalikuwa yamepanda kilima. Hakuna mwanamke aliyeyabeba. Yalijibeba.

Mama mzee alikinga viganja, akanywa. Akakinga tena, akaosha uso. Ndipo akatugeukia, mimi, mwenzangu na fundi ambaye alikuwa ameshafika akihema, akasema, "Mwakola."

Kwa Kihaya ndiyo asante. Lakini neno lenyewe maana yake ni kwamba mmefanya, mmefanya kazi. Nilikuwa nimelisema neno hilo kila siku tangu utoto, nikipewa chakula, nikipishwa njiani, na sikuwa nimelisikia mpaka siku ile. Nikamjibu kwa neno lilelile la mtu mmoja, pamoja na neno letu la heshima, "Wakola, waitu," kwa kuwa yeye alifanya kuliko sisi. Mwenzangu, ambaye kwa majuma yote yale alikuwa akijifunza Kihaya kimyakimya kwenye mlo wa mchana, akalisema pia, bila kosa.

Chuoni mwalimu alisoma taarifa yetu. Nilikuwa nimeandika yote, hata lile jukwaa la saruji lililobaki peke yake kando ya chemchemi iliyolala. Alituuliza maswali mengi juu ya mwamba na ufa wake, machache sana juu ya pampu, na hakuniuliza chochote juu ya uongozi. Mwaka uliofuata alinipa kuongoza watu wanne, nikamwomba mmoja wao awe yule wa Kilimanjaro.

Nilipomaliza masomo niliajiriwa Bukoba, nikapanga nyumba Nshambya, na safari yangu ya kwanza ya kikazi kusini nilipita Muleba. Mama mzee alikuwa amefariki wakati wa masika. Walinionyesha kaburi lake katika kibanja cha mwanawe, nikasimama pale kwa muda. Kisha nikashuka bondeni. Pampu ilikuwa inapiga. Kando yake alikuwapo mwanamke wa makamo, sura ngeni kwangu, akipangusa chuma kwa tambara. Nilikuwa nimevaa kofia ya jua na soksi ndefu, akanidhania mgeni kutoka mjini, nami sikumsahihisha.

Alinieleza kwamba wanawake wa kijiji wamegawana siku za kuutazama moyo huu, na siku ile ilikuwa yake. Akanionyesha kipande cha mpira wa tairi la lori walichokikata wenyewe, wakakiweka mahali pa ngozi ya kuzibia mlango ilipochakaa. Kilikuwa kimekatwa vizuri. Akanieleza maji yanavyokimbia, yanavyojigonga, yanavyokosa pa kwenda ila juu. Alieleza sawasawa. Kisha akagonga kwa kidole kile chungu cha chuma kilicho juu ya pampu, ambacho lazima kiwe na hewa ndani ya kulipokea pigo la maji, akasema kwamba kila baada ya miezi michache sauti hubadilika, inakuwa kali, kama mtu anayepiga jiwe kwa jiwe. Hapo wanajua hewa imekwisha ndani, wanafunga maji, wanakimwaga kile chungu mpaka kikauke, wanafungulia tena, na sauti inarudi kuwa laini.

Hilo hatukuwafundisha. Tuliondoka upesi mno, na wala mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba linaweza kusikika kwa sikio. Nikamwomba anionyeshe. Akafunga maji, akanipa spana, akaniambia nishike hapa, nizungushe polepole, na nisikilize.